Daftari na Dhima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema na kalamu ya kuandika. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Tumeulizwa na mmoja katika ndugu zetu suala hili: Mtu ametoa ahadi, au amepokea amana, au amekopa, kisha akasahau kwa kweli, pasipo kukusudia, je, ana lawama mbele ya Mwenyezi Mungu? Na ikiwa mtu huyo alikuwa aweza kuliandika jambo lake katika karatasi asiliandike, je, hali yake ni moja na ya yule asiyejua kuandika? Akaongeza muulizaji ya kuwa yeye ana desturi ya kuchukua daftari dogo katika mfuko wa kanzu, aandika humo mambo yampasayo kila siku, na sahibu yake mmoja amemcheka, akamwambia hiyo ni tabia ya makarani wa ofisini. Ama Muislamu daftari lake ni moyo wake, na mwenye kumtegemea Mungu hana haja ya karatasi.

Suala hili laonekana dogo, walakini ndani yake mna haki za watu, na haki za watu si jambo la kudharauliwa hatta zikiwa za shilingi kumi. Nitaanza na maneno ya yule sahibu, kwani hayo jawabu yake ni nyepesi.

Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani haikuja kwa habari ya Pepo wala Moto, wala kwa visa vya Mitume. Imekuja kwa habari ya kuandika deni, nayo ni aya ya 282 katika Sura ya Al-Baqara. Mwenyezi Mungu ameamrisha humo kwamba deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na yule mwenye kudaiwa ndiye amtajie mwandishi maneno ya kuandika, wala watu wasichoke kuandika, likiwa deni ni dogo au kubwa. Tena akabainisha sababu, ya kuwa kufanya hivyo ndiyo haki zaidi, na kwathubutisha ushahidi, na kwaondoa shaka. Basi na tuwazingatie walioambiwa maneno haya kwanza ni nani. Ni Sahaba wa Mtume (s.a.w.), watu waliokuwa wakihifadhi vifuani mwao Kurani na Hadithi na nasaba za makabila yao babu kwa babu. Ikiwa watu hao wameambiwa waandike, sisi ambao twatoka chumbani kwenda ukumbini tukasahau tulilolifuata, twapata wapi ujasiri wa kujitosheleza na vifua vyetu?

Kweli, katika madhehebu yetu ya Imam Shafii amri hiyo ni ya sunna na uongozi, si ya wajibu, kwani aya inayofuatia yaruhusu watu kuaminiana. Walakini itazame ruhusa yenyewe ilivyokuja: imefungamanishwa na yule aliyeaminiwa kuitekeleza amana yake na kumcha Mola wake. Anayeacha kuandika, basi, hakuachiliwa mzigo. Amejichukulia mwenyewe dhamana ya kukumbuka. Na huyo asemaye kwamba amemtegemea Mungu ndipo asiandike, mimi namuuliza, wewe umemtegemea Mungu au umekitegemea kichwa chako? Kwani karatasi ni sababu, na kichwa pia ni sababu, na uliyoichagua ni ile iliyo dhaifu.

Tena amepokea Abdallah bin Omar (r.a.), na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili illa wasia wake uwe umeandikwa uko kwake. Na katika riwaya ya Muslim amesema Abdallah ya kuwa tangu aliposikia maneno hayo haukumpitia usiku mmoja pasi na wasia wake kuwa naye. Hajasema alikuwa mgonjwa wala mzee. Alikuwa mtu mwenye akili yake na afya yake, alala na karatasi karibu naye.

Na Imam wetu mwenyewe, Muhammad bin Idris Ash-Shafii, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 H (767) akafa Misri mwaka 204 H (820), walioandika maisha yake wametaja kwamba alikuwa yatima wa mama maskini, hana cha kununulia karatasi, akiandika ilimu yake katika mifupa mipana, na akienda diwani kuomba karatasi zilizokwisha tumika apate kuandika nyuma yake. Haya nimeyataja kwa sababu ya jambo la pembeni, nalo ni kwamba siku hizi watu wengi wanunua madaftari ya ngozi yenye utepe na maandishi ya dhahabu, wakaandika kurasa mbili mwanzo wa mwaka, kisha likabaki kuwa pambo la meza. Daftari la mtoto wa skuli latosha. Aliyeandika katika mfupa ameijaza dunia ilimu.

Sasa turejee kwenye suala lenyewe, la mwenye kusahau.

Imepokewa Hadithi mashuhuri ya kuwa umma huu umesamehewa kukosea, na kusahau, na yale ambayo mtu ametenzwa nguvu. Watu wengi waishika Hadithi hii kama mtu aliyeshika hati ya kumwachia huru. Wanazuoni wetu wameifafanua, wakasema kilichoondolewa ni dhambi, wala si dhima. Mwenye kuivunja sahani ya jirani yake kwa kukosea hana dhambi, na sahani ailipe. Mwenye kusahau Sala hana dhambi, na akikumbuka aisali. Ikiwa haki ya Mwenyezi Mungu, aliye Mkwasi asiyehitaji kitu, yabaki juu ya shingo ya mwenye kusahau mpaka aitekeleze, haki ya mja mhitaji itaangukaje?

Hayo ni katika dhima. Ama katika dhambi, hapa ndipo penye uzito, na ningependa msomaji asimame pamoja nami kidogo. Nani hasa asahauye? Mama muuza mahamri amekukopesha asubuhi kwa kuwa hukuwa na pesa ndogo. Juma moja baadaye wewe umesahau, yeye hakusahau. Umeazima kitabu kwa mwenzio. Mwaka umepita, kitabu kiko kabatini kwako, wewe wakiona kama chako, naye kila akitaka kurejea mas-ala fulani akumbuka kitabu chake kiko kwa nani. Lakini kitabu ulichoazimisha wewe, wamjua aliyekichukua, na siku aliyokichukua, na ukurasa uliokuwa umekunjika. Lau kusahau kungalikuwa ni udhaifu wa akili mtupu, kungalituondolea tunayodai na tunayodaiwa kwa kipimo kimoja. Bali twaona kwaelekea upande mmoja. Basi hakika kusahau kwetu kwingi si maradhi ya kichwa. Ni nafsi inayochagua kitu gani ikibebe na kitu gani ikitue. Na kitu ambacho nafsi yakichagua, hatta kwa siri, hakiwi nje ya hisabu kabisa.

Ndiyo maana nasema, na hii ni rai yangu juu ya msingi wa maneno ya wakubwa, si nassi niliyoikuta: mwenye kujua tabia hii ya nafsi yake, naye aweza kuandika, kisha akaacha, hatusemi ametenda haramu kwa kule kutoandika, walakini hawezi kusimama mbele ya mwenye haki yake akasema nilisahau, akataka neno hilo lipokewe kama udhuru. Fuqahaa wetu wamekwenda njia iliyo karibu na hii katika mlango wa amana. Asema Imam Nawawi katika Minhaj ya kuwa aliyewekewa amana akipatwa na maradhi ya kukhofiwa mauti, yampasa airudishe kwa mwenyewe au wakili wake, na kama hawakupatikana aipeleke kwa kadhi au kwa mtu mwaminifu, au aiusie. Asipofanya, amana ikapotea, ni juu yake kulipa. Hajaila, wala hajaiuza. Ameacha tu kuijulisha, na kwa kuacha huko amekuwa mdhamini.

Na ahadi je? Kutimiza ahadi kwetu ni sunna iliyosisitizwa, wala kadhi hamlazimishi mtu. Ama kuahidi hali umenuia kutotimiza, hiyo ni alama ya unafiki. Watu wajificha katika nafasi iliyo baina ya mambo haya mawili. Mtazame mshoni mwezi wa Ramadhani. Kila mtu amjia na kitambaa chake cha kanzu, naye amwambia kila mmoja, njoo Jumatano. Hakunuia kumdanganya hatta mmoja wao. Kila alipotamka aliona moyoni mwake kwamba Jumatano ni mbali na kanzu moja ni kazi ya saa chache. Yafika Jumatano, watu ishirini wako barazani, na cherahani ni moja. Mmoja wao ametoka shamba, amelipa nauli mara tatu, na siku tatu hizo hakufanya kibarua. Na asubuhi ya Idi ataingia msikitini na kanzu ya mwaka jana yenye kiraka. Mshoni huyu si muongo. Ni mtu asiyeijua hisabu ya siku zake. Lau angalikuwa na karatasi mbele yake yenye majina kumi chini ya Jumatano, angaliweza kumwambia wa kumi na moja, kwa moyo mweupe, ndugu yangu mimi siwezi, mwendee fulani. Faida ya daftari ambayo watu hawaitaji ni hii, ya kumwezesha mtu kusema siwezi kabla ya kuahidi, badala ya kusema nisamehe baada ya kuvunja.

Basi hayo yatosha kwa upande wa kuandika. Ama huyo ndugu aliyecheka, asije akaondoka akidhani hana hatta chembe ya haki. Iko khatari katika daftari, nayo wameijua wakubwa zetu zamani.

Taj-ud-Din As-Subki amekitaja kisa cha Imam Ghazali alipokuwa kijana, arejea Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma. Njiani wakaingiliwa na wanyang’anyi wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na madaftari yake ya masomo. Akawafuata akawasihi wamrudishie madaftari tu, kwani hayawafai kitu, na yeye amesafiri kwa ajili ya kusikiliza na kuandika yaliyomo na kuijua ilimu yake. Mkuu wao akacheka, akamuuliza vipi adai kuwa anajua ilimu hali wao wamemchukulia mfuko tu na ilimu yote imeondoka. Akaamrisha arudishiwe. Ghazali aliyaona maneno ya mwizi yule kuwa ni Mwenyezi Mungu aliyemtamkisha ili amuongoze, akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, mpaka akawa hatta akinyang’anywa tena habaki mtupu.

Na sharia yetu imeliweka daftari mahali pake kwa mizani ya ajabu. Katika Minhaj imetajwa ya kuwa kadhi akiona karatasi yenye hukumu yake, au shahidi akiona karatasi yenye ushahidi wake kwa khati yake mwenyewe, hahukumu wala hashuhudii kwa kuona khati tu mpaka akumbuke. Yaani karatasi yakuamsha, haisemi badala yako. Aliyeandika akasahau jambo lenyewe, kisha akawa asoma kama asomaye habari ya mtu mwengine, huyo daftari limemla.

Khatari ya pili ni ya siri zaidi, nayo ni raha ya kuandika. Nafsi ikiandika jambo la kheri yapata utulivu fulani, kana kwamba imekwisha kulitenda nusu. Mtu aandika: kumzuru mgonjwa fulani. Dakika ile aliyoandika, uzito ulioko moyoni mwake wapungua, na lau asingaliandika uzito ule pengine ungalimsukuma kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mgonjwa. Kijana mmoja aliniletea daftari lake, mtu mwenye mpango mzuri na khati nzuri. Katika kurasa zake kulikuwa na neno hili, kumtazama ami, limeandikwa siku ya Ijumaa, likahamishwa Jumamosi, likahamishwa Jumatatu, likaendelea hivyo mara kumi na moja. Na baada ya mara ya kumi na moja imeandikwa saa ya maziko. Aliniuliza kama yako anayoweza kufanya. Nikamwambia ami ya mtu ni mithili ya baba yake, hivyo ndivyo ilivyokuja katika Hadithi, na katika wema wa kumfanyia baba ni kuwaunga rafiki zake baada yake. Amuombee maghufira, amtolee sadaka, aende kwa mjane na kwa wazee waliokuwa wakikaa naye barazani. Na akienda, aende kwanza, kisha ndipo aandike.

Kwa ajili ya khatari hii napenda tujifunze kwa Imam Ghazali namna yeye alivyolitia daftari katika kazi ya nafsi. Katika Ihya, Kitabu cha Muraqaba na Muhasaba, amemfananisha mtu na nafsi yake na mfanyaji biashara na mshirika wake: asubuhi amshartisha, mchana amchunga, jioni amhesabu. Rasilmali ni faradhi, faida ni sunna, na khasara ni maasi. Amemtaja humo Tawba bin As-Simma, mtu aliyekuwa na desturi ya kuihesabu nafsi yake, akapiga hisabu siku moja akaona ana miaka 60, akazigeuza kuwa siku zikawa 21,500, akapiga ukelele kwa kufikiri ya kuwa lau kila siku alitenda dhambi moja tu atakutana na Mola wake na dhambi 21,500, akaanguka akafa. Hisabu yenyewe ilikuwa ya mstari mmoja.

Kisha katika kitabu kinachofuatia, Kitabu cha Kufikiri, asema Ghazali ya kuwa mwenye kuitaka Akhera yampasa awe na waraka aliouandika sifa zenye kuangamiza na sifa zenye kuokoa, aipitishie nafsi yake kila siku. Wala hakutaka ziandikwe zote. Amesema zatosha kumi na kumi. Za kuangamiza ni ubakhili, na kiburi, na kujiona, na riya, na uhasidi, na ghadhabu kali, na uroho wa chakula, na uroho wa wanawake, na kupenda mali, na kupenda jaha. Za kuokoa ni kujutia dhambi, na kusubiri juu ya balaa, na kuridhika na kadari, na kushukuru neema, na kuwa sawa baina ya khofu na tarajio, na kuipa nyongo dunia, na ikhlasi, na uzuri wa tabia kwa watu, na kumpenda Mwenyezi Mungu, na kumnyenyekea. Akiepukana na moja katika zile mbaya, aipige mstari, aache kuifikiria, amshukuru Mola wake aliyemwondolea, kwani pasi na tawfiki yake asingaliiweza hatta iliyo ndogo. Kisha aishike nyengine.

Mpango kama huu, baada yake kwa zaidi ya miaka mia sita, ameufanya Mmarekani Benjamin Franklin (1706–1790), aliyekuwa na kijitabu cha tabia kumi na tatu, kila tabia ukurasa wake na kila siku ya juma safu yake, akitia nukta nyeusi kila alipokosa. Ameeleza mwenyewe kwa insafu kwamba katika tabia zote kiburi ndicho kilichomshinda, na kwamba lau angalidhani amekishinda angaliuonea fahari unyenyekevu wake. Msomaji na azingatie kwamba Ghazali kujiona na riya amevitia ndani ya waraka ule ule, katika vitu vya kupigwa mstari, kwa hivyo anayefurahia waraka wake ulivyojaa mistari yuko sharti arejee juu aanze kwa kile cha tatu.

Na hapa pana onyo la fiqhi. Daftari la nafsi liandike sifa, lisiandike visa. Mwenye kuandika, leo nimefanya kadha na fulani mahali fulani, amejifichua jambo ambalo Mola wake amelisitiri, na Hadithi ya wale wenye kujitangaza yajulikana. Na zaidi ya hayo amemfichua mwenziwe. Daftari laweza kuanguka sokoni. Iko Damascus khati ya mwanachuoni wa Kihambali wa Baghdad, Abu Ali Ibn Al-Banna, aliyefariki mwaka 471 H (1079): ni kipande cha daftari lake la kila siku, la miaka ya 460 na 461 H, lenye habari za mauti na ndoto na mizozo ya watu wa mji wake. George Makdisi alilichapisha katika miaka ya 1956 na 1957, na leo alisoma kila atakaye. Ukiandika, andika ukijua ya kuwa hujui nani atasoma. Kwa kosa la nafsi alama moja yatosha, unayoijua wewe na anayeijua Yeye.

Ama namna ya daftari lenyewe kwa anayetaka, mimi nawaambia wanafunzi wangu hivi. Chukua daftari la kawaida. Kurasa za nyuma ziwe za haki za watu: deni, amana, vitabu vya kuazima, ahadi zenye siku maalumu; kila mstari na jina, na kitu, na tarehe. Hizo haziguswi mpaka haki itoke mkononi mwako, na ikitoka piga mstari siku ile ile. Kurasa za mbele ni za siku. Baada ya Sala ya Alfajiri, kabla hujazungumza na mtu, andika mambo matatu, au manne ukiwa kijana. Ukiandika kumi na tano hukuandika kazi, umeandika matamanio. Baada ya Isha tazama. Lililofanyika pigia mstari. Lisilofanyika, jiulize limezuiwa na udhuru au na uvivu, kisha ndipo ulihamishe. Na jambo lililohamishwa mara tatu usilihamishe mara ya nne. Liwe ni kusimama ukalifanye saa ile, au kumwendea mwenye haki umwombe muhula, kwani muhula ni mali ya mdai, yeye ndiye wa kuutoa, na mwenye uwezo akijipa muhula mwenyewe kila usiku kwa kalamu yake, hiyo ndiyo ile dhulma aliyoitaja Mtume (s.a.w.) katika tajiri mwenye kuchelewesha deni.

Watu wameuliza habari ya simu ya mkononi, kwamba nayo yaandika na yalia kwa saa uliyoipanga. Yafaa, wala hapana hukumu iliyofungwa na karatasi. Ila simu hiyo hiyo unayoifungua kutazama haki za watu ndiyo yenye soga na picha, na wengi waingia kutafuta deni wakatoka baada ya nusu saa hawalikumbuki. Karatasi haina kitu cha kukuonyesha illa ulichokiandika.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu warithi. Katika Rawdha ametaja Imam Nawawi ya kuwa pakikutwa katika waraka wa maiti maneno haya, fulani ana amana yake kwangu, warithi hawalazimiki kuitoa kwa maandishi hayo peke yake, kwani yawezekana maiti aliirudisha asifute. Basi usitosheke na daftari kwa kitu kikubwa. Shuhudisha watu wawili. Na ukilipa, futa. Mstari usiofutwa ni fitina ndani ya nyumba yako siku ambayo wewe hupo kuieleza. Walakini katika Minhaj imo vile vile kwamba mrithi aruhusiwa kuapa juu ya haki kwa kuitegemea khati ya aliyemrithi, akiwa aiamini khati yake na uaminifu wake. Kwa hivyo mwanao siku hiyo atakuwa na daftari mkononi, na kadhi mbele yake, na atakiwa aape. Nacho kitakachomwezesha kuapa si uzuri wa mpango wa kurasa, bali ni yale aliyokuwa akiyaona miaka yote, kwamba baba yake alipoandika jambo alilitekeleza.

Na daftari likijaa, yahamishe yaliyobaki katika kurasa za nyuma kwenye daftari jipya, yote, hatta la senti moja. Kurasa za mbele, ikiwa mna humo jina la Mwenyezi Mungu, zisitupwe jaani wala zisifungiwe karanga, zioshwe wino, au zizikwe mahali safi, au zichomwe kwa nia ya kuzihifadhi, kama alivyofanya Sayyidna Othman (r.a.) kwa nakala zile. Kurasa za wasia zisichomwe kabisa. Zikatwe zikawekwe pamoja na wasia mpya, mahali ambapo mkeo apajua.

Wallahu aalam.